Mguu Uko Wapi

Maabara yetu ni kabati moja.
Ufunguo ulipotea mwaka ule lava ilipoingia mtaani;
ukichungulia kwenye ufa utaona lenzi,
sumaku iliyosahau kaskazini,
na panya, mjukuu wa panya niliyemkuta nilipoajiriwa.

Jumatano niliandika ubaoni kama kitabu kilivyoniagiza:
boksi linateleza sakafuni, litasimama wapi?
Kushoto m, kulia m.
Nikazikata zote mbili kwa chaki nyekundu
na darasa likanakili jeraha lile bila kuuliza.
Uzito hauna neno, nikasema.
Boksi zito na boksi jepesi, zikianza na mwendo mmoja,
zitasimama mstari mmoja.

Bauma alikuwa amelala, shavu juu ya daftari.
Anashuka kutoka Kibumba alfajiri, barabara ikiwa wazi,
na chukudu, na viazi vya watu;
simwamshi, maana minervali yake
iko ndani ya usingizi ule.
Akacheka kabla ya kufungua macho.
“Mwalimu, ile kitabu haiyabebaka viazi.”

Nikamwambia aseme.
“Nikiwa mtupu, nakanyagaka breki pale kwa muuza vocha.
Gunia mbili, naanza kwenye nguzo ya umeme.
Gunia nne…” Akanyamaza,
akatazama kovu kwenye kifundo chake.
“Gunia nne, naanza mbele sijaiona kona.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na dakika arobaini.

Tukatoka. Chukudu ilikuwa imefungwa nyuma ya vyoo kama mbuzi.
Tukaipandisha hadi penye ufa wa ukuta,
kila mara ufa uleule, ili mwendo uwe uleule,
na chini, pale ua unaponyooka,
Bauma akabonyeza kwa kisigino kile kipande cha tairi
juu ya gurudumu la nyuma.
Kanyere akaweka jiwe jeusi iliposimama.
Kisha Nzanzu akapanda. Jiwe.
Kisha Nzanzu na Esperansi, wakipiga kelele. Jiwe.
Mita hatukuwa nayo; tulipima kwa kitenge
cha Mama Sikujua anayeuza mandazi langoni,
naye akaja kusimamia kitenge chake
akabaki kusimamia hesabu:
vitenge viwili na nusu,
vinne kasoro kiganja,
sita, au sita na kidogo, walibishana.

Prefe akatokea dirishani.
“Hii ni somo ao ni mchezo?”
Ukimya. Harufu ya mpira ulioungua.
“Ni swali,” akajibu Kanyere, kabla yangu.

Tulikaa chini kwenye mawe, si darasani,
na hapo ndipo nilipoiona, mimi, wa miaka kumi na moja kazini:
boksi hujizuia kwa tumbo lake lenyewe,
likiongezeka uzito, sakafu nayo hulishika zaidi;
lakini chukudu huzuiwa na mguu wa Bauma,
na mguu wa Bauma ni uleule
kwa gunia moja na kwa gunia nne.
Kitabu hakikusema uongo.
Kilikuwa kinazungumza na mtu mwingine.

Nikairudisha m kwa kidole, kwenye vumbi la volkano,
ikasimama peke yake upande mmoja, haina wa kukatana naye.

Mvua ya saa tisa ilifuta kila kitu isipokuwa mawe matatu.
Sijayaondoa. Watoto wa msingi wanayaruka wakienda nyumbani.

Bauma alinisubiri mlangoni, mikono juu ya usukani wa mti.
Mtihani wa Taifa uko karibu, na huko
hakuna atakayemuuliza kuhusu kona.
“Mwalimu, siku ile niandike ya kitabu ao ya mguu?”

Nilitaka kumpa jibu la kupita.
Nikamwambia:
soma swali taratibu, kama unavyosoma mteremko usioujua,
na kabla hujakata kitu chochote,
tafuta mguu uko wapi.

Akatikisa kichwa, akaisukuma chukudu hatua mbili, akairukia.
Nikasikiliza hadi kwa muuza vocha.
Alikuwa mtupu. Akakanyaga palepale.